Uchungu, Harufu na Saa: Historia ya Kuchemsha Hopsi

Wahenga walituachia methali mbili ambazo kila mwalimu wa Kiswahili amepata kuulizwa na wanafunzi wake: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwanafunzi hutaka kujua ipi kati ya hizo ni ya kweli. Jibu ni kwamba zote mbili ni za kweli, ila kila moja ina mahali pake, na kazi ya mwenye akili ni kupapambanua mahali hapo. Katika makala haya tumekusudia kueleza historia ya ufundi mmoja ambamo methali hizo zimeshindana kwa zaidi ya miaka 300, nao ni ufundi wa kuchemsha hopsi katika upikaji wa bia ya Kiingereza. Swali lenyewe ni jepesi kulitamka: maua ya hopsi yatiwe chunguni lini, nayo yachemke kwa muda gani? Wapikaji wa zama mbalimbali wamelijibu kwa njia mbalimbali, na kila jibu lilikuwa na sababu yake.

Hatuandiki ili kumhimiza mtu yeyote anywe. Tunachokitafuta ni kuona jinsi desturi inavyozaliwa, jinsi inavyodumu hata baada ya sababu yake kufa, na jinsi inavyoweza kuhojiwa bila ya kudharauliwa.

Kuhusu maneno

Kabla ya kuingia katika kiini cha mada, yafaa tukubaliane juu ya maneno. Lugha yetu haikosi msamiati wa kazi hii, kwa sababu watu wetu ni wapikaji wa tangu zamani. Nafaka iliyoloweshwa, ikaota, kisha ikakaushwa, ni kimea. Kinywaji kitamu cha kimea ambacho hakijachachuka na kuwa kikali tunakiita togwa. Kile kinachokichachua ni chachu au hamira. Mpikaji wa Kiingereza hufanya kazi ile ile kwa shayiri: huloweka kimea kilichosagwa katika maji ya moto, huchuja maji yake matamu, huyachemsha, huyapoza, kisha huyatia hamira. Hayo maji matamu tutayaita maji ya kimea.

Maneno mawili tu yatatubidi tuyaazime. La kwanza ni hopsi, yaani maua ya mmea utambaao wa nchi za baridi, ambayo ndani yake mna vumbi la manjano lenye uchungu na harufu kali. La pili ni eli, jina la kale la Kiingereza la pombe ya shayiri. Na tutakaposema eli nyeupe, msomaji asidhani kwamba ni nyeupe kama maziwa. Rangi yake ni ya dhahabu au ya shaba. Iliitwa nyeupe kwa kulinganishwa na bia za kahawia na nyeusi zilizokuwa za kawaida wakati ule, kama sisi tunavyomwita mtu mweupe ilhali rangi yake ni maji ya kunde.

Zama za kabla ya hopsi

Kwa karne nyingi eli ya Uingereza ilipikwa bila ya hopsi. Ilifanana kwa jambo moja kubwa na impeke ya Burundi, ikigage cha Rwanda na malwa ya Uganda: ilikuwa kinywaji cha siku chache, kipikwacho karibu na mnywaji, na kama kikikawia kiliharibika. Na kama ilivyo katika vijiji vyetu vingi, wapikaji wake wengi walikuwa wanawake, ambao walipika kwa ajili ya nyumba zao na kuwauzia majirani kile kilichozidi.

Katika bara la Ulaya hopsi zilikwisha kujulikana mapema. Kanuni za mwaka 822 za Adalhard, mkuu wa watawa wa Corbie katika Ufaransa ya leo, zinazitaja. Katika karne ya 12 mtawa Hildegard wa Bingen, katika Ujerumani, aliandika kwamba uchungu wa mmea huu huzuia vinywaji visioze. Naye alisema kweli: hopsi huwazuia wadudu wengi wasioonekana kwa macho wanaoiharibu pombe.

Uingereza ilizipokea hopsi kutoka kwa Wafiraminki na Waholanzi katika karne ya 15, na katika karne ya 16 mashamba yake yakaenea katika wilaya ya Kent. Mwaka 1574 Reynolde Scot alichapa kitabu cha kuwafundisha wakulima namna ya kuzipanda. Humo alitoa hesabu ambayo mfanyabiashara yeyote angeielewa: kipimo kimoja cha kimea kilichotoa galoni 8 au 9 za eli isiyo na hopsi kingetoa galoni 18 au 20 za bia yenye hopsi. Sababu ni kwamba eli ya zamani ilihitaji kuwa kali sana ili isiharibike upesi. Bia yenye hopsi ililindwa na uchungu wake, hata ilipokuwa nyepesi.

Hapa palikuwa na faida, na palikuwa na hasara pia. Bia iwezayo kukaa na kusafiri ilitaka vyungu vikubwa, mapipa mengi na mtaji. Mwanamke aliyepika kwa wiki mara moja jikoni mwake hakuwa na vitu hivyo. Pole pole kazi iliyokuwa ya akina mama wa mitaani ikawa kazi ya wanaume wenye viwanda na vyama. Hopsi hazikuwa sababu pekee ya mabadiliko hayo, lakini zilikuwa mojawapo, na hatupendi kuisimulia historia ya ufundi huu bila ya kuwataja waliouachilia.

Mashauri ya zamani kuhusu muda mfupi

Mtu angedhani kwamba wapikaji wa zamani walichemsha hopsi kwa muda mrefu, na kwamba muda mfupi ni uvumbuzi wa watu wa leo wenye haraka. Vitabu vinatuonyesha kinyume. Mwaka 1690 Thomas Tryon, mwandishi wa London aliyejulikana zaidi kwa kuhimiza watu waache kula nyama, alishauri kwamba hopsi ziloweshwe tu katika maji ya kimea yenye moto, kama mtu alowekavyo majani ya dawa, wala zisichemshwe sana. Kwani aliona kwamba moto mwingi hufukuza kile kilicho bora ndani yake.

Katika miaka ya 1730 kilitokea London kitabu kilichoitwa *The London and Country Brewer*. Hakikuwa na jina la mwandishi, ila wataalamu wengi hukinasibisha na mkulima William Ellis. Kitabu hiki kinashauri kwamba hopsi zichemke kwa dakika 30 tu, kisha zitolewe. Na ikiwa maji ya kimea bado yanahitaji moto, zitiwe hopsi nyingine mpya. Hoja yake ni kwamba sehemu nzuri ya ua hutoka kwanza, na sehemu mbaya hufuata baadaye. Mwandishi huyo hakujua kemia kama ijulikanavyo leo. Alikuwa na ulimi, pua na subira ya kulinganisha pipa na pipa, na hivyo vilimtosha kuliona jambo ambalo maabara zilikuja kulieleza baada ya miaka 200.

Ushuru na bahari

Ikiwa shauri hilo lilikuwa limekwisha kuchapishwa, kwa nini desturi iliyotawala karne ya 19 ikawa ya kuchemsha saa moja na nusu, saa mbili, au hata zaidi? Sababu zilikuwa kadhaa.

Ya kwanza ni fedha. Kuanzia mwaka 1711 serikali ya Uingereza ilitoza ushuru wa peni moja kwa kila ratili ya hopsi, na sheria ikawakataza wapikaji wa biashara wasitie majani mengine machungu badala yake. Ushuru huo haukufutwa mpaka mwaka 1862. Mtu aliyelipia kila ratili hakuwa na moyo wa kuzitupa hopsi baada ya nusu saa. Alizichemsha mpaka zitoe uchungu wote, na mara nyingi alizitumia hizo hizo tena katika maji ya pili ya kimea, yaliyokuwa mepesi zaidi. Sababu ya pili ni maji yenyewe: mpikaji alikiosha kimea kwa maji mengi ili kupata utamu wote, kisha ikambidi aupunguze wingi wa maji hayo kwa moto. Ya tatu ni hofu ya kuharibika, kwa maana bia nyingi zilikaa miezi mingi mapipani kabla ya kuuzwa.

Wakati huo huo eli nyeupe ilikuwa inajipatia jina. Katika karne ya 17 wakaushaji wa kimea, hasa katika Derbyshire, walianza kutumia koki, yaani makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza mpaka moshi wake mchafu ukaisha. Koki iliwapa moto safi wenye kutawalika, na kimea kikabaki na rangi ya kung'aa badala ya kuungua. Kutoka katika kimea hicho ikapikwa bia ambayo baadaye ilipelekwa Bara Hindi.

Kuhusu safari hiyo imezoeleka hadithi moja: kwamba George Hodgson wa Bow, mashariki ya London, aliyeanza kazi mwaka 1752, alibuni bia mpya yenye hopsi nyingi kwa sababu bia nyingine hazikuweza kuvuka bahari. Hadithi hii ni tamu lakini haisimami. Bia nyeusi ilivuka bahari kwa wingi na kufika salama. Na eli nyeupe yenye hopsi nyingi, ya kuwekwa muda mrefu, ilikuwa ikipikwa Uingereza kabla yake. Bahati ya Hodgson ilikuwa ya jirani: kiwanda chake kilikuwa karibu na Blackwall, zilikotia nanga merikebu za Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya Hindi, naye aliwakopesha manahodha kwa masharti mepesi. Merikebu hizo zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Baadhi yake zilipita Mlango wa Msumbiji na kutia nanga Nzwani, katika Komoro, ili kuchukua maji na vyakula. Basi safari hiyo iligusa pia pwani zinazosikia Kiswahili.

Mapema katika miaka ya 1820 wapikaji wa Burton upon Trent, wakiongozwa na Samuel Allsopp, waliingia katika biashara hiyo baada ya soko lao la Urusi kufungwa kwa ushuru mpya. Maji ya Burton yana jasi nyingi, ambayo huufanya uchungu wa hopsi uwe mkavu na wazi. Jina la eli nyeupe ya Bara Hindi likaanza kuonekana katika matangazo ya magazeti. Mwaka 1829 lilikwisha kufika Sydney. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba wapikaji wa bia ya kusafirishwa hawakutegemea chungu peke yake. Waliichemsha kwa muda mrefu, ndiyo. Lakini pipa lilipokwisha kujazwa, walitia ndani yake hopsi kavu zisizopikwa kabisa. Kwa hiyo walikwisha kutambua, kwa vitendo, kwamba ua moja lina zawadi mbili: moja hutolewa na moto, na nyingine huuawa na moto huo huo.

Maelezo ya kemia

Elimu ya karne ya 20 imetupa maelezo ya jambo hilo. Ndani ya vumbi la manjano la hopsi mna asidi zinazoitwa asidi za alfa. Asidi hizi haziyeyuki vizuri katika maji ya kimea. Zikichemshwa, atomi zake hujipanga upya, zikawa asidi nyingine zinazoyeyuka, nazo ndizo ziletazo uchungu katika bia. Mabadiliko hayo yanataka joto na muda. Kando ya asidi hizo mna mafuta yenye harufu ya maua, ya machungwa au ya majani mabichi. Mafuta haya ni mepesi. Huruka pamoja na mvuke, na sehemu yake kubwa hupotea upesi.

Kiasi cha uchungu kinachopatikana kwa muda fulani kinaweza kukadiriwa. Katika miaka ya 1990 Glenn Tinseth wa Marekani alitoa kanuni ya hesabu ambayo wapikaji wa nyumbani huitumia hata leo. Tukiuita uchungu wa dakika 60 kuwa ni 100, kanuni hiyo hutupa takribani 20 kwa dakika 5, 50 kwa dakika 15, 77 kwa dakika 30, na 107 kwa dakika 90. Msomaji aziangalie namba hizi kwa makini. Robo ya kwanza ya saa huleta nusu ya uchungu wa saa nzima. Nusu saa iongezwayo baada ya saa kwisha huleta kitu kidogo sana. Haya ni makadirio, maana chungu hutofautiana na chungu, lakini mwelekeo wake haupingwi.

Kwa hesabu hiyo, mpikaji aliyekuwa akitia gramu 30 za hopsi kwa dakika 60 anaweza kupata uchungu ule ule kwa gramu 39 katika dakika 30, au kwa gramu 60 katika dakika 15. Anabadilishana: atoe maua zaidi, apate muda na kuni. Hopsi zikiwa zimetozwa ushuru, biashara hiyo ni mbaya. Ushuru ukiisha, inaweza kuwa nzuri.

Lakini tusiharakishe mno. Moto una kazi nyingine zaidi ya kuleta uchungu. Unaua vijidudu, jambo ambalo dakika chache zinalitosha. Unagandisha protini zinazoifanya bia iwe na ukungu. Tena unafukuza dimethili salfidi, kitu chenye harufu ya mahindi yaliyochemshwa au kabichi, ambacho hutokana na kimea chenyewe. Asili ya kitu hicho hupungua kwa nusu katika muda wa dakika 40 hivi za kuchemka, na ndiyo maana wapikaji wa bia za Kijerumani na Kicheki, ambao kimea chao hukaushwa kwa joto dogo, huambiwa wachemshe kwa dakika 90. Kimea cha eli nyeupe hukaushwa kwa joto kubwa zaidi, hivyo asili hiyo imekwisha kupungua kabla ya kufika chunguni. Kwa sababu hiyo eli nyeupe huvumilia muda mfupi kuliko bia hizo nyingine, mradi chungu kisifunikwe, moto uwe wa kuchemsha kwelikweli, na maji yapozwe upesi baadaye. Aidha maji yatakayopotea kwa mvuke yatakuwa machache, nayo sharti yapunguzwe mwanzoni. La sivyo bia itakuwa nyepesi kuliko ilivyokusudiwa.

Kurudi nyumbani

Kazi hii ilirudi majumbani kwa njia ya sheria. Katika Uingereza, mpikaji wa nyumbani alitakiwa kuwa na leseni tangu mwaka 1880, mpaka waziri wa fedha Reginald Maudling alipoiondoa mwaka 1963. Katika Marekani, marufuku ya vileo yalipokwisha mwaka 1933, ruhusa ya kutengeneza divai nyumbani ilitolewa lakini ya bia haikutolewa. Rais Jimmy Carter aliitia sahihi mwaka 1978, nayo ikaanza kutumika mwaka 1979. Hata hivyo majimbo yalibaki na sheria zake, na ya mwisho kuruhusu, Mississippi na Alabama, yalifanya hivyo mwaka 2013.

Mwaka 1972 wataalamu wa kilimo wa Marekani walitoa aina ya hopsi iitwayo Cascade, yenye harufu ya balungi. Kiwanda cha Anchor cha San Francisco kiliitumia katika eli ya mwaka 1975, na Ken Grossman, aliyeanza kwa kupika nyumbani, akaitumia katika eli nyeupe ya Sierra Nevada kuanzia mwaka 1980. Hapo ndipo lengo lilipogeuka. Kwa mpikaji wa Burton, harufu ilikuwa pambo la uchungu. Kwa hawa, harufu ilikuwa ndiyo bia. Basi hopsi zikaanza kutiwa mwishoni: dakika 15 kabla ya kuepua, dakika 5, hata baada ya moto kuzimwa na joto kushuka hadi nyuzi 80, ambapo uchungu hauongezeki sana na mafuta hayaruki kwa wingi. Wapikaji wa nyumbani walipokwisha kuzihamishia hopsi nyingi mwishoni, swali la pili likaja lenyewe: ikiwa karibu hopsi zote zinaingia katika robo saa ya mwisho, ile nusu saa ya mwanzo inachemshwa kwa ajili ya nini? Wengi wakapunguza kutoka dakika 60 hadi 30. Wakawa wamefika, kwa njia ndefu ya namba, mahali pale pale aliposimama mwandishi wa miaka ya 1730.

Hitimisho

Hopsi hupenda mchana mrefu wa kiangazi cha nchi zilizo mbali na ikweta, na kwa hiyo viwanda vya Afrika ya Mashariki, tangu kile cha Ruaraka, Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1922, vimezitegemea zaidi zile zitokazo ng'ambo. Historia hii basi si ya mmea wetu. Lakini inatufaa sisi walimu kwa sababu nyingine.

Saa mbili za mpikaji wa karne ya 19 hazikuwa ujinga: alikuwa na ushuru wa kulipa, maji mengi ya kupunguza na pipa la kuhifadhi. Ujinga ungekuwa kuzirithi saa mbili hizo na kuisahau hesabu iliyozizaa. Vivyo hivyo dakika 30 za leo si uvivu, ikiwa mpikaji anajua alichokiacha na amekilipia kwa njia nyingine. Bali akipunguza muda kwa kufuata mkumbo, atapata bia yenye harufu ya kabichi. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini jambo fulani hufanywa kwa namna fulani asijibiwe kwamba ndivyo lilivyofanywa siku zote. Mara nyingi, kama tulivyoona, halikufanywa hivyo siku zote.

Na jambo la mwisho. Bibi zetu wanaopika impeke, ikigage na malwa wanajua ni lini chungu kiepuliwe, na wanajua kwa nini, ila ujuzi wao kwa sehemu kubwa haumo vitabuni. Yule Mwingereza asiyetajwa jina alisahauliwa, lakini aliandika, na kwa hiyo tumeweza kumrudia. Tunawaomba walimu wenzetu wawatume wanafunzi wao kwa wazee hao, na daftari mkononi, wakaulize na kuandika kwa Kiswahili fasaha kila hatua, muda wake na sababu yake.